Mizani Ilipanda, Sungura Akazimia Njaa

Wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu, alipima watoto wachanga katika zahanati mpaka alipostaafu. Ndiyo maana wote tulimwita Mama Mizani. Wanangu wote aliwaning'iniza kwenye ile mizani ya ndoano, na mama aliyeleta mtoto mwembamba alisemwa mbele za watu: "Huyu unamlisha upepo?"

Alipostaafu akapewa mizani ile chakavu, akaitundika mlangoni pa jiko. Binti yake alipoona mama anaongea na masufuria, akamletea mtoto wa sungura, wa kijivu, mdogo kama ngumi. Akamwachia na maagizo: nyasi kavu zisikosekane, maji, majani kidogo.

"Nyasi!" wifi aliniambia. "Nani aliwahi kunenepa kwa nyasi?"

"Ng'ombe."

"Ng'ombe ana tumbo la kuwekea. Huyu tumbo lake kikombe cha kahawa."

Basi akamlisha mkate uliolowekwa maziwa, ndizi na biskuti. Kila asubuhi alimtia kwenye mfuko wa kitambaa akamtundika, na mshale ukipanda ananipigia simu kunitambia, kana kwamba kamzaa yeye.

Mchana mmoja akapiga, sauti si yake. "Wifi, njoo. Hali kitu."

Nilimkuta sungura amejikunyata pembeni mwa kabati, macho nusu wazi, anasaga meno kwa maumivu. Tumbo limevimba, gumu kama ngoma. Sanduku lake halikuwa na choo hata punje.

"Lakini leo amepanda!" wifi alirudia. "Amepanda, nimeona mwenyewe!" Mikono iliyobeba watoto wa mji mzima sasa haikujua imshike wapi. Hapo na mimi nikaogopa.

Tukamfunga kwenye kanga, tukamkimbiza kwa daktari wa mifugo. Akauliza amekula nini. Wifi akataja kimoja kimoja, kama mwizi anayetoa vitu mfukoni. Daktari akamshika mkono, akauweka juu ya mgongo wa sungura.

"Mama, unasikia nini?"

"Mifupa," wifi akanong'ona.

"Nyama hajaongeza. Mizani inapima hata kisichotoka. Mkate na maziwa vimemchachia, utumbo umelala." Akamdunga sindano. "Mpeni nyasi kavu, atembee, apate joto. Akipata choo, tuna matumaini. Jua likizama bila choo, mrudisheni. Siwaahidi kitu."

Tukarudi, tukakaa sakafuni jikoni, wanawake wazima wenye wajukuu, tunatazama makalio ya sungura. Ningecheka, lakini kila alipofumba macho wifi aliniminya mkono hadi ukaniuma.

"Wifi," akasema ghafla, "na wale watoto? Wangapi walipanda kwa kuvimba tu, mimi nikawapongeza mama zao?"

Nikamkumbuka mtoto wa seremala, aliyevimba miguu na mashavu, akasifiwa mnono.

"Yule wa seremala," wifi akasema, kana kwamba kaniingia kichwani. "Alipona?"

"Alipelekwa hospitali kubwa. Sasa anauza matairi, ana kitambi kama chungu."

"Huyo mmoja," akasema.

Jua lilikuwa limefika kwenye kizingiti. Sungura akajinyoosha, akaruka hatua mbili, akasimama. Sungura akanusa rundo la nyasi, akavuta unyasi mmoja, akautafuna polepole, ukapotea mdomoni kama uzi. Alipohama pale, sakafuni palibaki kipunje cheusi, kikavu, hakizidi punje ya pilipili manga.

Wifi akakiokota kwa vidole viwili, akakiweka kiganjani, akakisogeza kwenye mwanga wa mlango. Machozi yalimtoka.

"Kidogo mno," akasema. "Usiende kwako, wifi. Tungoje kingine."