Doa la Zambarau

Skuli sikuenda. Nilihitimu Kurani chuoni, kisha nikashika karai la kufulia, na kwa karai hilo nikamlea mdogo wangu baada ya wazazi wetu kufariki. Tulikaa Kisauni. Nilifua nguo za askari wa nchi kavu, ambao kambi yao ilikuwa upande wetu, na za wanamaji walioniletea mafurushi kutoka ng'ambo ya daraja. Nayasema haya kwa kuwa wajukuu wangu hudhani huyo mdogo wangu, babu yao wa dawa, alichaguliwa njia na Mzungu. Mzungu hakumchagulia kitu. Nilimchagulia mimi, na sioni haya kusema.

Kijana alikuwa amemaliza darasa la nane, na moyo wake ulikuwa kwenye jambo moja: awe kompaunda, yule mtu wa dirishani hospitalini anayepima dawa na kuichanganya. Tangu utotoni, ukimtuma dawa alichelewa kurudi, amesimama pale dirishani anatazama chupa. Chuo cha serikali kilitaka elimu kubwa kuliko yake. Jeshi lilifundisha watu wake lenyewe. Basi likabaki swali, jeshi lipi? Maana ukishatia saini huku, kule huendi tena.

Ami yetu, nduguye baba, ndiye aliyekuwa na kauli nyumbani. Alisema wanamaji. Mtaa mzima ulisema wanamaji. Na mimi, nisifiche, nilisema wanamaji kabla ya wote. Zile sare nyeupe! Nikizitia wanga na kuzipiga pasi zilitaka kusimama zenyewe. Nilipenda nguo, sikuuliza kazi. Kosa hilo ni langu.

Wiki ile ya kwenda kutia saini, nilikuwa nafua suruali ya mwanamaji mmoja aliyezoea kujisifu kwamba yeye ndiye mtu wa dawa melini. Suruali ina rangi ya kupaka chuma. Wiki iliyotangulia ilikuwa na grisi. Kabla yake, mchuzi. Mikono yangu ikasimama ndani ya povu. Mwenye kufua huzijua kazi za watu: muuza samaki ana magamba mfukoni, karani ana wino kwenye mkono wa shati. Sasa mtu wa dawa asiye na doa la dawa ni mtu gani?

Alipokuja kuchukua nguo nikamkabili. "Kaka, hiyo dawa unaichanganya saa ngapi?"

Akacheka. "Kuchanganya? Dawa ni sanduku moja, dada. Mtu akiumwa kichwa nampa kidonge. Akizidiwa tunamshusha bandarini. Siku nyingine zote napaka rangi, namsaidia mpishi."

"Na vyombo vya kupimia?"

"Meli ikiyumba utapima nini? Bahari?"

Nilikuwa na mteja mwingine, wa chumba cha dawa pale kambi ya nchi kavu. Koti lake nililichukia, wallahi. Zambarau ya dawa ya vidonda mikononi, kahawia ya aidini kifuani, kila wiki upya. Siku ile nililitoa kwenye furushi nikaliangalia kama sijapata kuliona.

Ijumaa baada ya sala ami akaja na wazee wawili, wamsomee kijana dua.

"Shikamoo ami."

"Marahaba. Lete kahawa."

Sikuleta kahawa. Nilitandika mkekani suruali ya yule mwanamaji na lile koti, havijafuliwa.

"Nini hii? Nguo chafu mbele ya watu wazima?"

"Wenyewe wote wawili wanaitwa watu wa dawa, ami. Nionyeshe ipi ya kompaunda."

"Loo! Dobi naye ana fatwa siku hizi!" Wazee wakacheka. "Wanamaji wana heshima, wewe. Huoni wanavyopendeza?"

"Heshima ya nguo nitamtia mimi kwa wanga. Kazi siwezi kumtia."

Ami akalivuta koti, akalinusa. Mwaka uliopita alikuwa na kidonda mguuni, na dawa ile ya zambarau ndiyo iliyokikausha. Aliijua. Akainusa na suruali, akaisukuma kando. Kisha akamgeukia kijana, ambaye hakuna aliyekuwa amemuuliza.

"Wewe wasemaje?"

"Naam, ami. Mimi nataka kwenye chupa."

"Haya, nenda kwenye chupa zako. Ukitembezwa juani na bunduki usije kunililia."

Akatia saini kwa askari wa nchi kavu, na kweli alitembezwa juani, tena sana. Hakulia. Wakamfundisha kupima, kuchanganya na kuandika vibandiko. Lile jeshi la meli likavunjwa kabla ya uhuru, na sare nyingi nyeupe nikaziona zikiuzwa sokoni.

Mwezi ule wa uhuru, watu wakipamba milango, ndugu yangu alikuja likizo na koti lake mwenyewe. Kwenye mkono wa kulia, zambarau. Nililisugua kwa limau na chumvi, nikalianika juani, nikalisugua tena. Doa halikutoka.

"Leo dobi kashindwa," jirani akanitania.

Kamba yangu ilikuwa uani. Siku hiyo nilifunga nyingine mbele ya nyumba, upande wa njia, nikaanika koti peke yake. Ami akapita na mkongojo wake, akasimama, akaushika ule mkono wa koti.

"La nani hili?" akauliza, na alijua.

"La kompaunda wetu, ami."

Akalinusa, akaliachia taratibu. "Usilisugue sana," akasema. "Utalichana."