Lodi Aliyezaa Mabinti

Jana pale sokoni Kijenge nilishika kitabu cha mtumba kilichonuka unyevu na moshi, nikamkumbuka baba.

Alikuwa mwalimu wa historia, na sisi mabinti zake tulikuwa watatu, hatuna kaka. Siku moja, tukiwa bado wadogo, tulikuwa uani tunapukuchua maharage, baba mkubwa akafika. Tulimwamkia shikamoo, akaitikia, kisha akamgeukia baba.

"Mdogo wangu, hili shamba uwaandikishe wanangu wa kiume. Hawa wako wataolewa."

Mikono yetu ilisimama ndani ya ungo.

Baba aliingia ndani, akatoka na kitabu chake cha zamani. Akatusomea kwa Kiswahili, akitafsiri papo hapo, habari za lodi mmoja, bwana mwenye ardhi wa Uingereza ya kale, mwenye ngome na farasi. Hakujaliwa mtoto wa kiume. Alipofariki, ardhi yake waligawana binti zake.

"Hao ni Wazungu," alisema baba mkubwa.

"Ni baba mwenye mabinti, kaka. Kama mimi."

Baba akakata vipande vitatu vya isale, mmea tunaopanda mipakani, akatuita shambani kila mmoja apande mpaka wake. Mimi mkubwa nilipewa jembe kwanza. Nililiinua kwa shida, udongo mweusi ukinirukia miguuni.

Baba mkubwa alitufuata polepole, akasimama akitazama shimo langu. Halafu akavua koti lake, akanipokea jembe.

"Shimo fupi hilo, mwanangu," alisema. "Mvua itaubeba mpaka wako."

Akachimba.