Nati Alizobadilisha Shemeji

Mama Spana, kama wateja walivyomwita, alibaki na gereji baada ya kufiwa na mumewe. Alibaki pia na shemeji, mdogo wa marehemu, mwenye mdomo mtamu na mguu mzito kwenye pedali ya mafuta, aliyependa kukimbiza gari uwanjani kuliko kulala chini yake.

Gari la mashindano alilitunza mama huyu, na kwenye magurudumu hakuwa na mchezo. Boliti za kiwandani alizing'oa kwenye habu, kile kitovu kinachoshika gurudumu, akapachika za chuma kigumu, ndefu zaidi, ili nati ipate nyuzi za kutosha kung'ata. Nati nazo zilikuwa za chuma. Kabla ya kila mashindano alizisugua kwa brashi ya waya, akazikausha, kisha akazikaza kwa spana inayopima nguvu ya kukaza, kwa kukingamanisha, moja huku na inayofuata upande wa pili. Gari likishapiga mizunguko ya kwanza na breki zikapoa, alipima tena. Boliti iliyoonyesha kuvutika, hata kidogo tu, ilitupwa kwenye chuma chakavu.

Asubuhi moja alifika uwanjani akakuta magurudumu yanameremeta rangi ya buluu.

"Shemeji, nati zangu ziko wapi?"

"Zile? Zimo kwenye buti ya gari. Hizi nyepesi, za alumini. Si unaona zilivyopendeza?"

Aliinama, akagusa. Kidole kikatoka na grisi.

"Na umepaka grisi!"

"Ili ziingie laini, shem. Nimezikaza na mashine ya upepo, ziko barabara."

Damu ilimchemka. Akamweleza kwamba nyuzi zenye grisi hudanganya mkono, unaikaza boliti kupita kiasi mpaka inavutika. Na kwamba alumini ikipata joto la breki hulegea. "Gari halitoki hapa," alisema, akaenda kwenye pikapu kuchukua vifaa vyake. Hajageuka, akasikia injini ikinguruma. Shemeji ameshatoka.

Kwenye kona ya mbali gurudumu la mbele lilianza kucheza, kisha likachomoka, likaruka uzio. Gari liliserereka mpaka kwenye ukuta wa matairi. Mama Spana alikimbia huku akimwomba Mungu asije akamzika huyu naye, baada ya kaka yake.

Shemeji alitoka mzima, anajikung'uta vumbi. Watu walipomzunguka akacheka, akasema kwa sauti, "Fundi wangu hakukaza!"

Hofu yote ikageuka hasira. "Mimi?" aliuliza. "Mimi sikukaza?" Wengine walitazama chini, wengine wakatabasamu, maana kwao mwanamke mwenye spana lilikuwa jambo la kuchekesha tangu mwanzo. Aliufungua mlango wa buti iliyobonyea, akatoa nati zake za chuma, akaondoka bila kuaga.

Jioni mama mkwe alimpigia simu. "Mwanangu, yamalize. Ni mtoto yule."

"Mama, mtoto gani ana ndevu? Angekufa, ningeambiwa nimemuua."

Shemeji alipokuja gereji kuomba radhi, alimsikiliza akiwa chini ya gari la mteja.

"Nimekosa, shem."

"Ulinisingizia wapi?"

"Uwanjani."

"Basi kaseme huko huko."

Shemeji alinung'unika wiki nzima, akatafuta fundi mwingine, akamkosa wa kumvumilia. Mwishowe alisimama mbele ya madereva wenzake, akasema nati alibadilisha yeye, na onyo alipewa. Kisha akaongeza utani kuhusu ukali wa wajane. Watu wakacheka.

Mama Spana hakucheka. Habu zote alikuwa ameshazivua boliti, hata zilizoonekana nzima, akapachika mpya. Jioni gerejini, alipomaliza kukaza, aliiweka mashine ya upepo ndani ya kabati, akafunga kwa kufuli, ufunguo akautia shingoni.

"Ukitaka kugusa gurudumu," alimwambia, "utaniita. Na utani wako wa leo nimeusikia, hatujaumaliza."