Mama Mkwe na Ukuta wa Hospitali

Juzi, kwenye korido ya hospitali hapa Mtwara, mlango wa daktari ulikuwa wazi kwa sababu ya joto, na sisi wa kwenye benchi tukasikia yasiyotuhusu. Kijana wa Mpapura alikuwa ameambiwa uvimbe wa shingoni mwake ni saratani, na kesho yake angepanda basi kwenda Dar kuanza dripu za dawa. Mguu wake haukutulia. Mjomba aliyeingia naye aliuliza habari za malazi, chakula, na nani ataokota korosho. Daktari alijibu huku akitazama saa.

"Kuna swali jingine?"

"Hakuna," mjomba akasema.

Pembeni yangu alikaa mama mkwe wa kijana, uso kaugeuzia ukutani, kanga imemfunika kichwa, maana kwao mkwe hatazamwi wala haongeleshwi. Akapaza sauti ifike ndani.

"Ewe ukuta, niulizie kwa daktari. Dawa hizo zitamwachia mtu mbegu za uzazi? Binti yangu hajazaa."

Kalamu ya daktari ikasimama.

"Huenda zisimwachie," akasema taratibu. "Ila Dar wapo wanaohifadhi mbegu kwenye baridi kali. Lazima iwe kabla ya dripu ya kwanza. Nilipaswa kulisema mimi."

Mguu wa kijana ukatulia.

"Ukuta," akasema, "mwambie mama nimesikia."

Tangu juzi mimi ndiye situlii. Kati yetu wote pale, desturi ilikuwa imemfunga mdomo mtu mmoja tu, na ndiye aliyeuliza.