Seva ilijibu mara 212 kuwa kila kitu kiko sawa

Saa mbili na robo asubuhi, mhifadhi kumbukumbu wa zahanati analeta jalada la mgonjwa kwenye kioo cha kompyuta. Analisoma lote, midomo ikichezacheza. Anahifadhi nakala, anabadilisha anwani tu, anatuma, kisha analisoma tena tangu mwanzo.

Chumba chake hakina dirisha. Kina feni yenye kelele na kiti kinachoinama nyuma bila taarifa. Wenzake wanamwita Bibi Jalada, naye ana miaka arobaini na miwili tu.

Majalada anayosahihisha yako kwenye seva, kompyuta ya kumbukumbu iliyo mbali. Yakiwa mengi, anaandika maelekezo mara moja, programu inayatuma kwa mtandao, na seva inajibu ikishabadilisha.

"Seva ni tiifu kuliko mume wangu," anasema. "Shida yake inatii hata ukikosea."

Alikosea miezi mitatu iliyopita. Wagonjwa 212 walikuwa na namba mpya za simu. Akatuma namba peke yake, akiamini seva itagusa hapo tu. Kwa njia aliyotumia, kumbe kinachotumwa ndicho kinachokuwa jalada zima. Kundi la damu, magonjwa, dawa zinazowadhuru, vyote vikafutika. Nakala ya akiba haikuwepo. Seva ikajibu mara 212 kuwa kila kitu kiko sawa.

"Nikaenda kunywa chai, roho kwatu," anasema. Hacheki.

Aliyeshtuka ni mfamasia. Mama mmoja alifika dirisha la dawa akiwa ameandikiwa penisilini. Jalada halikuwa na onyo lolote, lakini mfamasia alikumbuka kuwa mwaka jana dawa hiyo ilimvimbisha uso mpaka macho yakafumba.

"Dada, huyu mama penisilini imeacha kumdhuru lini?" mfamasia alimuuliza mhifadhi kwa simu.

Mhifadhi alikimbia hadi dirishani, akasema mbele ya foleni nzima: "Jamani, msimpe mtu dawa kwanza. Nimefuta mimi."

Mganga mkuu angeweza kumfukuza. Badala yake alimkabidhi funguo za stoo yenye kadi za zamani za karatasi. Kadi zilirudisha majalada 180. Wagonjwa 32 hawakuwa na kadi, ikabidi awapigie mmoja mmoja. Wengine walimwonea huruma, wengine walimpa vidonge vyake.

Sasa anawabana mafundi wa programu waifanye seva ikatae jalada lolote lisilo na sehemu ya dawa zinazodhuru. Wamemwahidi mwezi ujao, na yeye anawakumbusha kila Jumatatu bila aibu.

Wagonjwa 31 wameshapokea simu. Amebaki mzee mmoja, ambaye simu yake inaita tu. Kwenye jalada lake ameandika: "Hatujui. Muulizeni kabla ya dawa yoyote." Humpigia kila siku kabla ya kwenda nyumbani.

"Natamani apokee, basi," anasema. "Hata anitukane. Akinitukana, nitajua yuko hai."