Gari Lililogoma na Mama Mkwe Ndani

Jamani, hili jambo nilikuwa nimeapa sitalisimulia kwa mtu, lakini kwa kuwa pale Matsangoni hata watoto wa nasari wananiita Bwana Leso, heri niliseme mwenyewe kabla hamjalisikia kwa wale watakaolitia chumvi. Na nianze kwa kukiri: mimi Kazungu, mwanamume mzima mwenye duka la vifaa vya ujenzi hapa Malindi, nilikimbia mbio za aibu mbele ya wakwe zangu wote, mchana kweupe, na hali ya suruali yangu kwa upande wa nyuma sitaki hata kuieleza.

Chanzo ni shati. Shati na gari, lakini hasa shati.

Gari nilikuwa nimelitoa bandarini Mombasa siku si nyingi, limetumika Japani, halina gia za kubadilisha kwa mkono, na kila ukiliwasha mwanamke mmoja humo ndani anasema maneno ya Kijapani kwa sauti ya upole sana (mimi nilikuwa namjibu “salama mama” na safari inaendelea). Tena halina ule mkono wa hendibreki kati ya viti. Ukizima injini unasikia kitu kinasaga kidogo huko nyuma, limejifunga, na ukikanyaga mafuta linajifungua. Nilikuwa nikiwaringia watu dukani, “Magari ya sasa yana akili zao wenyewe,” wala sikuwahi kuuliza akili hizo zinafanyaje kazi.

Basi mama mkwe akafariki, Mungu amrehemu, hospitalini huku Malindi. Karisa, shemeji yangu, ndiye mwanawe mkubwa, alikuwa amekodi pikapu ya kumpeleka nyumbani Matsangoni, mimi nikasimama kidete nikasema haiwezekani mama mkwe apande pikapu huku mimi nina gari. Tukalaza viti, jeneza likaingia, upande wake wa kichwa ukaja mpaka kando ya kiwiko changu cha kushoto, na nyuma yangu, kwenye kiti kimoja kilichobaki, akaketi Hawe Kadzo (hawe kwetu ni bibi), mzee wa miaka mingi, dada mdogo wa marehemu, mkono wake juu ya zile mbao. Mke wangu Dama akapanda gari la nyuma pamoja na wenzake.

Sasa kulikuwa na jambo moja lililokuwa likiunguza mioyo ya watu. Mama mkwe maisha yake yote alisema atalala kando ya mumewe, kwenye boma la zamani. Lakini Karisa alikuwa ameshapata mnunuzi wa shamba lile, na mnunuzi hakutaka kaburi jipya, kwa hiyo kaburi limechimbwa kwa Karisa, kwenye nyumba yake mpya. Dama alilia usiku na mchana. Mimi ningesema nini? Mkwe kazi yake ni kuleta mchele na kunyamaza.

Njiani Hawe Kadzo alikuwa akimwelekeza dadake. “Dada, hapa Gede. Dada, sasa twaingia msituni.” Mpaka hapo sawa, ni mapenzi ya ndugu. Lakini tulipokuwa katikati ya msitu, miti imesimama kimya pande zote mbili, nikamsikia anasema, “Eeh,” kisha ananyamaza kama mtu anayesikiliza simu, kisha, “Eeh, najua. Nitamwambia.” Nywele zikanisimama.

Nikamuuliza, “Hawe, wazungumza na nani?”

“Wewe endesha, mwanangu.”

Tulipofika Matsangoni pale tunapokatia kuingia ndani, nikajitazama kwenye kioo. Shati langu jeupe la kitani, Dama amelipiga pasi mpaka linakata, na mkanda wa gari umelichora mkunjo kutoka begani mpaka kiunoni. Wakwe wote wananingoja, na mimi nina mkunjo! Nikaufungua mkanda, nikauachia urudi mlangoni, nikajinyoosha shati. Huo ndio uamuzi wenyewe, mdogo hivyo.

Akina mama wakatupokea kwa nyimbo, wakatembea mbele ya gari polepole, nami kwa kuogopa jeneza lisisogee mguu wangu haukutoka juu ya breki njia nzima ile ya mchanga. Ikaanza kuja harufu ya kitu kinachoungua. Hawe Kadzo akanusa, akasema, “Amekasirika.” Nikaikanyaga breki zaidi.

Mbele kuna njia panda: kushoto boma la zamani, kulia kwa Karisa. Wazee walikuwa wamesimama pale, nami kwa heshima nikasimamisha, nikazima injini, nikashuka kuwaamkia. Hawe naye akashuka. Ndani ya gari amebaki marehemu peke yake. Nyimbo zimetulia, jua kali, hakuna upepo, hata kuku hawakuwa wakilia, nami niko katikati ya shikamoo ya tatu, ndipo gari likaguna.

Sikieni, injini imezimwa, ufunguo uko mfukoni mwangu. Likaguna huko nyuma, “mmmrrrr,” mguno wa mtu anayejigeuza kitandani, kisha kimya. Watu wote walisikia. Mzee niliyekuwa nimemshika mkono akauvuta mkono wake taratibu.

“Twendeni,” akasema Karisa, akionyesha njia ya kulia.

Nikaingia, nikawasha. Yule mwanamke wa Kijapani akasema maneno yake, na safari hii milango iko wazi na watu wamezunguka, kwa hiyo sauti ya kike, ya upole, ya lugha isiyojulikana, ikatoka kwenye gari lenye maiti. Mama mmoja akapiga yowe, “Pepo! Amekuja na pepo!” Nikafunga milango, nikapinda usukani kulia kuelekea kwa Karisa, nikakanyaga mafuta. Gari likainuka pua, likatetemeka, halikwenda. Nikakanyaga zaidi, injini ikanguruma, nyuma likachuchumaa kama mbuzi anayevutwa kamba, halikwenda. Yule mwanamke akarudia maneno yake. Kuna taa nyekundu ilikuwa inawaka mbele yangu lakini kwa wakati ule hata mwezi ungeanguka kwenye dashibodi nisingeuona. Nikazima, nikashuka.

Wazee wakajitenga kushauriana. Nyie mwajua kwetu: gari lililobeba maiti likigoma, haliitiwi fundi, marehemu anaulizwa ana neno gani. Wakazungumza weee, mimi nimesimama juani na shati langu, mpaka Hawe Kadzo akanijia.

“Wewe ndiwe umembeba. Muombe ruhusa.”

“Mimi, Hawe? Mimi ni mkwe tu.”

“Ndiyo sababu. Wewe huna deni naye. Muombe.”

Nikafungua mlango wa dereva, nikaingiza kichwa na mabega, nikainama mpaka mdomo wangu ukawa karibu na mbao. Kulikuwa na joto humo, na ile harufu. Nikasema kwa heshima zangu zote, “Mama, shikamoo. Ni Kazungu. Kama kuna neno, sema.”

Likasema. “Mmmrrrr,” chini yangu, karibu kabisa, nikausikia mtetemo wake kwenye magoti.

Mengine nimesimuliwa. Wanasema nilitoka mlangoni kinyumenyume, nikageuka, nikapita katikati ya wazee, nikamkanyaga mchungaji aliyekuja kuzika, nikavamia ua wa michongoma ambao hata mbuzi huuzunguka, na huo ua ukabaki na sehemu yote ya makalio ya suruali yangu. Nilipozinduka nimelala kifudifudi upande wa pili, na mbele yangu ni safu ya shangazi wa mke wangu, watu ambao kwa adabu zetu hawatakiwi kuniona hata nikiwa na fulana, wamejifunika nyuso. Dama ndiye aliyenifunga leso yake kiunoni, na mabega yake yalikuwa yanatikisika, mpaka leo hajaniambia kama alikuwa analia au anacheka.

Lakini hakuna aliyekuwa ananitazama tena. Karisa alikuwa amekwenda kwenye gari peke yake. Yule bwana ni mkubwa, ana sauti ya kuita watu ng'ambo ya shamba, na nilimwona anaweka viganja viwili juu ya jeneza na kuinamisha kichwa.

“Basi, mama,” akasema. “Basi. Nimesikia. Shamba siuzi. Nakupeleka kwa baba.”

Akarudi akaniambia, “Shemeji, kata kushoto.” Sikutaka kuingia tena humo, wallahi sikutaka, lakini macho yote yalikuwa juu yangu, nikaketi na leso yangu ya maua mekundu. Nikawasha. Nikapinda kushoto. Nikakanyaga mafuta kidogo tu, na gari likaondoka laini kabisa, kama halikuwahi kukataa. Vigelegele viliinuka mpaka masikio yakaziba. Vijana wakachimba kaburi jipya kando ya lile la zamani, na jua halijazama mama mkwe alikuwa amelala alipotaka.

Wiki iliyofuata nikalipeleka gari kwa fundi Omari, gereji yake hapa Malindi, nikamsimulia yote nikiwa nimesimama mbali nalo. Omari ni mtu wa kujisifu, akacheka mpaka akaketi juu ya tairi.

“Sikiza bwana,” akasema. “Ukikanyaga breki, mafuta ya breki ndiyo yanayosukuma pistoni, pistoni inabana sahani ya gurudumu. Ukizima gari, kuna mota ndogo ya umeme huku nyuma inasukuma pistoni ile ile. Pistoni moja, mabwana wawili, mguu wako na umeme. Sasa wewe umeichemsha breki njia nzima. Sahani ya moto ikipoa yanywea, mbano walegea, gari lenyewe lajikaza tena, hata kama ndani hamna mtu. Huo ndio mguno wako.”

“Na kukataa kwenda?”

“Ulifunga mkanda?”

Nikajinyoosha shati.

“Bila mkanda hii haijifungui. Ni usalama. Mpaka ubonyeze hiki.” Akanionyesha kitufe kidogo chini ya usukani ambacho sikuwahi kukiona. “Na yule mama wa Kijapani alikuwa akikwambia hayo hayo, funga mkanda, na wewe wamjibu salama!”

Nilicheka naye, lakini njiani kurudi kicheko kikaniishia. Karisa amevunja ahadi kwa mnunuzi, ameapa mbele ya jeneza la mamake, kwa sababu ya shati langu. Kama haki ni haki, anastahili kuujua ukweli. Na nikiri jingine: nilitaka wale shangazi wajue kwamba kilichonikimbiza ni mota, maana mtu akikimbia mota ana nafuu kidogo.

Kwa hiyo tulipokutana tena kumaliza matanga, nikalipeleka gari pale pale njia panda, nikawaita watu wote, nikawaeleza pistoni, mafuta, umeme, kila kitu, nikawa mwalimu. Nikaketi bila mkanda, nikakanyaga mafuta: gari likachuchumaa, likagoma. Watu wakaguna. Nikafunga mkanda, klak, nikakanyaga: likaondoka. Nikashuka nimeinua kidevu. “Mmeona? Shemeji, nisamehe. Hakuna aliyekataa kitu. Ulikuwa ni mkanda wangu.”

Karisa alinisogelea. Nikaogopa atanipiga. Kisha akatoa simu yake.

“Binti yangu alirekodi siku ile,” akasema. “Hebu nieleze na hii, shemeji.”

Ni video ya gari linaondoka kwenda kushoto, vigelegele, vumbi. Kupitia dirisha naonekana mimi, leso kiunoni, jasho, mikono yangu miwili imeng'ang'ania usukani, haigusi kitufe chochote. Shati jeupe, limechafuka, lakini kifuani hakuna kitu. Mkanda unaning'inia pale mlangoni nilipouacha, unacheza na mwendo wa gari.

Tukaitazama tena. Ni Hawe Kadzo peke yake aliyecheka, cheko la polepole la bibi asiye na meno mengi.

“Dada yangu,” akasema, “hakupata kufunga mkanda maisha yake yote.”

Omari nimempelekea video hiyo. Mpaka leo hajanijibu, na si kawaida yake.

Basi mimi nimeapa: sitavua mkanda kwa ajili ya shati tena, hata nikilihamisha gari kutoka juani kuliweka kivulini, na sitamweleza mtu jambo la pistoni. Na kila tukienda kwa wakwe, nikifika pale njia panda nafungua dirisha nasema, “Shikamoo, mama, ni Kazungu,” kisha nakanyaga mafuta haraka kabla hajaitikia.