Mama Simama Nyumbani kwa Dada Mtu

Wafungwa walimpa jina la Mama Simama, na jina likamkaa sawasawa. Kwa miaka kumi na moja afisa ustawi huyu amewafunza wanaokaribia kutoka jambo ambalo mimi na wewe hatukuwahi kufunzwa: kusemeshwa bila kuchuchumaa. Gerezani, ukitajwa namba yako, unakwenda chini. Ukishazoea, magoti hayangoji akili.

Siku moja alimpeleka mfungwa mmoja, seremala, kwa dada yake. Alikuwa amebakiza miaka miwili kati ya tisa, na angeachiwa mapema endapo tu ndugu angetia saini kumpokea. Ndugu mwenyewe ni huyo dada, hana mwingine. Akikataa, jamaa anarudi ndani jioni ile ile.

Shemeji mtu, mume wa dada huyo, alikuwa amenuna.

"Vyumba vyenyewe viwili," alisema. "Na mtu mwenyewe simjui tena."

"Mimi namjua," dada mtu akajibu, lakini kalamu hakuigusa.

Seremala alikaa kitini vizuri kabisa. Akapapasa meza, akasema mguu mmoja umelegea, ni kuukaza tu. Shemeji mtu akaguna, nusura acheke. Mama Simama kuona hivyo, akafungua jalada haraka kabla upepo haujageuka, akasoma kama asomavyo kila siku ofisini: "Mfungwa namba mia nne na kumi na mbili..."

Masikini! Hakuimaliza sentensi, seremala yuko chini, amechuchumaa, mikono magotini.

Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Kazi ya miezi mitatu ya kumfunza mtu huyu ameibomoa mwenyewe, kwa mdomo wake, na aibu ilimpanda mpaka masikioni.

"Inuka, mdogo wangu," dada mtu akasema.

Hakuinuka. Macho yake yalikuwa kwenye viatu vya afisa, akingoja ruhusa. Mama Simama akafungua kinywa.

"Usimwambie wewe." Dada mtu alishika kalamu, akatia saini, akamsukumia karatasi. "Chukua, mama, utuache. Hapa kwangu hainuki kwa amri."

Mama Simama alitoka, akasimama nje ya mlango na karatasi yenye saini mkononi. Hakusikia kiti kusogea. Mwishowe shemeji mtu alisema, taratibu:

"Basi mwache. Sogea kidogo, mke wangu, nasi tukae hapo chini."